Mwili Unapoikataa Dawa



Mwezi uliopita tulikwenda Pugu kumzuru mgonjwa. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, nasi twakiri kwamba haki hiyo tuliichelewesha, maana habari za ugonjwa wake tulikuwa nazo tangu kabla ya Ramadhani. Tulimkuta amekaa barazani juu ya mkeka, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, na kando yake yupo mwanawe wa kiume, mwanafunzi wa sekondari, anaandika katika daftari. Tulidhani kijana anafanya kazi za shule. Baadaye tulijua kwamba alikuwa akiandika jambo jingine, nalo tutalifikia.

Mama huyu, ambaye hatutamtaja jina, ana saratani ya titi, na anatibiwa kwa dripu katika hospitali moja ya mjini. Aliyotuhadithia siku ile tulimwomba ruhusa tuyaandike, naye akasema: "Yaandikeni, ndugu zangu, ili mwingine asifanye ujinga nilioufanya mimi." Basi twayaandika kwa idhini yake.

Dripu yake ya kwanza alipewa katika mwezi wa Shaabani. Kabla ya siku hiyo alipewa bahasha ndogo ya vidonge, imeandikwa: vya kwanza saa 4 usiku, vya pili saa 10 alfajiri, na dripu itaanza saa 4 asubuhi. Alivimeza kama alivyoagizwa. Usiku kucha hakupata usingizi, na tumbo likamwaka moto. Lakini dripu ilipita salama, naye akarudi Pugu kwa miguu yake mwenyewe tangu kituo cha basi mpaka nyumbani.

Baada ya wiki 3 ikafika zamu ya pili, nayo ikaangukia ndani ya Ramadhani. Mama alikuwa amejilazimisha kufunga. Vidonge vya usiku akameza. Vile vya alfajiri akavitia chini ya mto, akikusudia kuvimeza wakati wa daku. Lakini maradhi yana uchovu wake. Usingizi ukamchukua, akaamshwa na adhana. Akavitazama vile vidonge, akajiambia: nimekwisha nuia, sifungui kwa ajili ya vidonge vinavyoninyima usingizi, na mara ya kwanza si nilipita salama? Akavirudisha katika bahasha. Alipofika hospitali muuguzi akamwuliza, "Mama, vidonge umemeza vyote?" Akajibu, "Nimemeza."

Hazikutimia dakika 10 tangu dripu kufunguliwa. Uso ulimpanda joto kana kwamba ameinamia jiko. Viganja vya mikono vikamwasha. Kiuno kikamwuma ghafula, kifua kikabana, akataka kusema na sauti haikutoka. Kisha macho yakaingia giza. Muuguzi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikuwa karibu. Akaifunga dripu papo hapo, akapaza sauti kumwita daktari, mama akalazwa chali miguu imeinuliwa, akachomwa sindano ya adrenalini katika paja, akawekewa hewa ya oksijeni. Usiku ule alilala hospitali, na asubuhi yake akarudi nyumbani.

Hapo ndipo hatari ya pili ilipoanza, nayo twaiona ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Watu walikusanyika. Mmoja akasema dawa imemkataa. Mwingine akataja kijicho. Wa tatu, mtu mzima mwenye heshima yake katika mtaa, akasema hii ni ishara kwamba Mwenyezi Mungu hakuijaalia dawa hiyo iwe ponyo lake, na kwamba afadhali atulie nyumbani kwa habasoda na asali. Mama mwenyewe alinyamaza. Siri ya vidonge alikuwa nayo peke yake, akaona haya kuisema mbele ya wazee. Tarehe ya dripu ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Uvimbe ambao baada ya dripu ya kwanza ulikuwa umeanza kulainika ukawa mgumu tena, na mwingine ukatokea kwapani. Ndipo usiku mmoja alipomwita mwanawe akamfunulia yote.

Wasomaji wetu, twataka kueleza ni kitu gani kilichotokea katika mwili wa mama huyu.

Neno mzio, au kama wengi wasemavyo aleji, si geni kwetu. Nani katika sisi hana jamaa asiyeweza kumeza dawa za salfa kwa kuwa humchubua midomo, au asiyeweza kula kamba wala pweza? Mwili una askari wake, kazi yao ni kupambana na adui aingiaye. Wakati mwingine askari hao hukosea, wakamshambulia mgeni asiye na ubaya, na katika vita hiyo humwaga kemikali zinazovimbisha ngozi, zinazobana mirija ya pumzi na kulegeza mishipa ya damu mpaka nguvu ya damu ikashuka. Mzio ukiwa mdogo, mtu hujikuna. Ukiwa mkubwa, mtu aweza kufa katika dakika chache.

Dawa aliyopewa mama wa Pugu huitwa paklitakseli. Asili yake ni gamba la mti mmoja uotao katika misitu ya magharibi ya Marekani, ambao gamba lake lilikusanywa mwaka 1962 na kupelekwa kwa wataalamu. Wawili kati yao, Monroe Wall na Mansukh Wani, huyu wa pili mzaliwa wa India, walitangaza umbo la dawa hiyo mwaka 1971. Lakini palikuwa na taabu: haiyeyuki katika maji. Ili ipate kuingia katika mshipa wa mtu, hapana budi ichanganywe na kitu cha kuiyeyusha, na kitu kilichochaguliwa ni mafuta ya nyonyo yaliyogeuzwa kiwandani hata yakakubali kuchanganyika na maji. Ndiyo nyonyo hii hii tuijuayo, iotayo nyuma ya nyumba zetu, ambayo mabibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo nasi tukakimbia. (Msomaji apakaye mafuta ya nyonyo katika nywele asifadhaike, mafuta yaliyogeuzwa na kutiwa katika mshipa ni habari nyingine kabisa.)

Basi dawa hiyo ilipoanza kujaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1980, wengi wao walipatwa na hali kama ile iliyompata mama yetu, na baadhi yao walikufa. Lawama kubwa ilikwenda kwa yale mafuta, ijapokuwa dawa yenyewe nayo haikuachiliwa. Majaribio yalikaribia kuachwa. Kilichoyaokoa ni mambo mawili mepesi: dripu iende polepole kwa saa kadhaa, na mgonjwa atangulie kupewa dawa za kuwatuliza wale askari wa mwili. Ya kwanza kati ya dawa hizo ni deksamethasoni, ndiyo vile vidonge vya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, yaani saa 12 na saa 6 kabla ya dripu. Nyingine huchomwa hospitalini muda mfupi kabla ya kuanza. Kwa mpango huo mizio mikali ilipungua ikawa ni ya wagonjwa wawili hadi wanne katika kila 100, na mwishoni mwa mwaka 1992 dawa ikapewa kibali Marekani. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika kwa saratani ya titi, ya mfuko wa mayai na nyinginezo.

Kwa hiyo atakayeviona vidonge vile kuwa ni vya ziada na ajue kwamba bila vidonge hivyo, au dawa nyingine za namna hiyo atakazochagua daktari, dawa yenyewe isingalikubaliwa kutumika. Ni kweli vinanyima usingizi, na tumbo huwaka. Hayo mgonjwa ayaseme kwa daktari, ambaye aweza kumpa dawa ya tumbo au kubadili namna ya kuvitoa. Siku hizi hospitali nyingine hutoa deksamethasoni kwa sindano nusu saa kabla ya dripu, hasa kwa wagonjwa watokao mbali. Lakini ili muuguzi ajue la kufanya, yampasa ajue kweli. Kama mama yetu angalisema, "Vya alfajiri sikumeza," pengine dripu ingalicheleweshwa saa chache, au ingaliahirishwa mpaka kesho. Hasara yake ingalikuwa nauli ya kutoka Pugu mara ya pili.

Na kuhusu Ramadhani, twapenda kusema wazi, kwa kuwa tumesikia kwamba wagonjwa wengi hujitia katika taabu hii na wengine husifiwa kwa kufanya hivyo. Kitabu chetu kitukufu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, kimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na wanavyuoni wamekwisha eleza kwamba yule asiyetumaini kupona humlisha maskini badala yake. Ruhusa hiyo haikuletwa kwa wavivu. Imeletwa kwa mtu wa namna hii hasa, ambaye mwili wake wahitaji maji na chakula ili ustahimili dawa kali. Anayefikiri kwamba amemzidi Mwenyezi Mungu kwa ukarimu, akaikataa sadaka aliyopewa na Mola wake, na aende akamwulize shekhe wake kwanza. Wala hapo pasingalikuwa na ugumu wowote: saa 10 alfajiri, huku pwani kwetu, bado ni wakati wa daku. Mtu mmoja tu nyumbani angalikesha kwa ajili yake, habari hii tusingaliiandika.

Turudi katika dalili, maana jamaa wakaao kando ya kitanda ndio wanaoziona kwanza. Vitabu vingi vya utabibu vimeandikwa kwa watu weupe, navyo vyasema ngozi itakuwa nyekundu. Katika ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Basi usingoje wekundu. Mwulize mgonjwa: wasikia joto la ghafula usoni? Viganja au nyayo zawasha? Kifua chabana, koo lakaba, kiuno chauma, moyo wakimbia? Tazama midomo na kope kama zimevimba. Pitisha mkono juu ya ngozi ya shingo na kifua upapase kama ina vipele vilivyoinuka. Na akina dada, twawaomba: msiwapake wagonjwa hina wala piko katika viganja siku zilizo karibu na dripu, hata kama ni Idi. Kiganja ni mahali ambapo muuguzi hutazama, na piko lenyewe aghalabu lina kemikali inayoleta mzio wake. Mgonjwa akisikia lolote katika hayo, hata kama ni dogo, aseme palepale. Asingoje muuguzi apite. Asione haya kwamba atasumbua watu. Kuifunga dripu ni kazi ya nukta moja, na mara nyingi, mwili ukishatulia, daktari huifungua tena polepole ikamalizika salama.

Walakini si dawa zote zina tabia moja. Paklitakseli aghalabu huleta mzio wake katika dripu ya kwanza au ya pili. Kaboplatini, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja nayo, yaenda kinyume: mgonjwa hupokea dripu 5, hupokea 6, hana neno, kisha anapoirudia kwa mara ya 7 au ya 8, labda baada ya mwaka wa mapumziko kwa kuwa saratani imerudi, ndipo viganja vinapoanza kuwasha. Sababu yake iligunduliwa zamani. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakiwachoma mbwa sumu ya mnyama mmoja wa baharini anayefanana na ua. Walitaka kuwazoesha sumu hiyo. Mbwa aliyestahimili mara ya kwanza alichomwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa kipimo kidogo, akafa katika dakika chache. Badala ya kuzoea, mwili ulikuwa umejifunza kuchukia. Kwa ugunduzi huo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Basi mgonjwa wa kaboplatini asiseme "mimi mwenyeji" akaondoa macho. Kadhalika asparajinesi wapewayo watoto wenye saratani ya damu, ambayo hutokana na bakteria, yaweza kuleta mzio mkali baada ya sindano kadhaa zilizopita salama.

Tena si kila kinachotisha ni mzio. Kutapika si mzio. Nywele kunyonyoka si mzio. Ipo dawa nyekundu iitwayo doksorubisini, ambayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili; tumesikia watu waliokimbia tiba kwa kudhani wanakojoa damu. Lakini homa inayompata mgonjwa siku chache baada ya dripu, ijapokuwa si mzio, isilaliwe hata usiku mmoja, kwa maana dawa hizi hupunguza askari wa damu, na maradhi madogo huweza kumwua mtu. Katika jambo hilo, na katika mzio utokeao mgonjwa akiwa amekwisha fika nyumbani, mtu wa Pugu asifikirie safari ya kilometa 20 mpaka mjini. Aende hospitali iliyo karibu naye, achukue kadi yake, aseme tangu mlangoni kwamba yuko katika dripu za saratani.

Sasa, yule ambaye amekwisha pata mzio, je, mlango umefungwa? Hapa ndipo wazee wale wa barazani walipokosea, ingawa nia yao ilikuwa njema. Milango ipo zaidi ya mmoja. Ikiwa sababu ni vidonge visivyomezwa, vitamezwa, na dripu itakwenda polepole zaidi. Ikiwa dawa yenyewe haistahimiliki, ziko nyingine za ukoo wa karibu zisizo na yale mafuta. Na ikiwa hapana badala yake, ipo njia ya kuuzoesha mwili: dawa hutolewa kwa matone machache mno, kisha huongezwa daraja kwa daraja kwa muda wa saa kama 6, huku mgonjwa akitazamwa bila kuachwa. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali moja ya Boston, Marekani, wakiongozwa na Mariana Castells, walitangaza kwamba wameifanya kazi hiyo mara 413 kwa wagonjwa 98, na katika kila mara 100, mara 94 mgonjwa hakupata mzio wowote au alipata mdogo tu. Wala hakuna aliyekufa. Ni kazi ya wenye ujuzi, mahali penye vifaa vyote tayari; mtu asije akaijaribu chumbani. Tumeitaja ili ijulikane kwamba neno "dawa imemkataa" si hukumu ambayo jirani aweza kuitoa.

Twajua pia kwamba kwa watu wengi wa Dar es Salaam jina la Ocean Road lenyewe latia hofu. Jengo lile la kale lililo ufukweni, ambalo Wajerumani walilimaliza mwaka 1897, na ambalo tangu 1996 ni taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge, husemwa kana kwamba ni mahali pa kuaga. Watu huanza kumlilia mgonjwa siku apewayo barua ya kwenda huko. Siku hizi dripu hizi hutolewa vilevile Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, na katika hospitali nyingine. Na hofu imewafuata wagonjwa kote huko. Mtu aliyekwisha kata tamaa hutafuta sababu ya kuacha, na mzio humpa sababu nzuri sana.

Mama wa Pugu alirudi. Alikwenda na mwanawe, akamwambia daktari kweli yote, na daktari, kwa alivyotusimulia, hakumgombeza. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza habari ambazo siku ya kwanza hazikupata majibu kamili. Je, amewahi kuvimba kwa dawa yoyote? Ndiyo, salfa, alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Kuna chakula kinachomdhuru? Anatumia dawa gani za kienyeji? Hapo habasoda ilitajwa, na mizizi fulani ambayo hata kijana hakuijua. Daktari akaandika yote, akaagiza baadhi ya hizo ziachwe mpaka tiba iishe, akampangia tarehe. Kuhusu ule uvimbe wa kwapani hakumficha: wiki zilizopotea zimepotea, na tiba itakuwa ndefu kuliko ilivyokusudiwa.

Lile daftari alilokuwa akiandika kijana siku tuliyofika lina kurasa mbili kwa kila dripu. Ukurasa wa kwanza una jina la dawa, tarehe, ni ya ngapi, na saa za vidonge, kila saa na alama yake baada ya kumezwa. Ukurasa wa pili una yaliyompata mama siku ile na siku zilizofuata. Kwa wino mwekundu, katika jalada, ameandika jina la dawa iliyomletea mzio, siku yenyewe, dakika ilipoanza, na alivyotibiwa, ili mama akipelekwa hospitali nyingine yoyote, hata akiwa hawezi kusema, daftari liseme. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema hakuna, aliona tu kwamba nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake ya siku ile, na hakuna yaliyolingana.

Dripu iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Tulipoaga, kijana alikuwa ametegesha saa ya simu mara mbili kwa alfajiri hiyo, moja kwake na moja kwa dada yake, na mama akacheka akasema kwamba sasa hata akitaka kulala hawatamwacha.